Kingi Haruki: Mwongozo wa Drafti ya Atari kwa Mtu wa Ujiji

Kama umelelewa na drafti ya vizibo, iwe Ujiji, Mwanga au Kibirizi, halafu siku moja ukakutana na Video Checkers, drafti ya Atari, kwenye kompyuta ya rafiki, usiiguse kabla ya kusoma mwongozo huu. Nimeuandika kwa nia njema, usije ukautia aibu mkoa mzima wa Kigoma.

Hatua ya 1: Itolee shikamoo. Atari waliutoa mchezo huu mwaka 1980, kwa hiyo wengi wetu umetuzidi umri. Aliyeuandika ni Carol Shaw, mmoja wa wanawake wa kwanza kutengeneza michezo ya video, ambaye mwaka 1982 alitoa River Raid. Mashine aliyoiandikia ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu. Meseji moja ya kuomba nauli ya Kasulu inaweza kuzimaliza zote. Humo humo mashine ilitunza ubao, kete 24 na hesabu zake za kukutega.

Hatua ya 2: Chagua usiku. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi wa dagaa hazifui dafu ziwani. Wavuvi hupumzika na kijiwe hujaa. Hapo ndipo uilete mashine. Ukiileta usiku wa giza, mafundi wa drafti wako majini, na ushindi wako hautakuwa na shahidi.

Hatua ya 3: Iache ifikiri. Atari ile haikuwa na pa kuhifadhi picha. Prosesa ilishughulika kuchora skrini mstari kwa mstari. Ndiyo maana Video Chess, sataranji ya mashine hiyo hiyo ya mwaka 1979, ilipofikiri iliacha kuchora, skrini ikabaki kubadilika rangi. Drafti nayo ikikawia, usipige kioo. Mzee wa kijiweni naye hufikiri akitazama ziwa, na hakuna anayemgonga kichwa.

Hatua ya 4, na hapa ndipo watu wetu huumia: Ukipata kingi, usimrushe. Kingi wetu, vizibo viwili vilivyobebana, hutoka kona hadi kona na kula kete iliyo mbali. Video Checkers inafuata kanuni za Marekani: kingi anaweza kurudi nyuma, lakini hutembea hatua moja moja. Umesota ubao mzima kumfikisha, kisha unakabidhiwa mzee wa mkongojo.

Hatua ya 5: Usiitukane mashine. Imetii kanuni za kijiwe ilikozaliwa, kama wewe unavyotii za kwenu. Sasa chukua drafti iliyo kwenye simu yako uipime hivyo hivyo. Kingi akikataa kuruka, hiyo ni drafti ya wageni. Icheze kwa heshima, ila usimfundishie mtoto ukamwambia ndiyo yetu.

Hatua ya mwisho ni yenu, vijana wa Kigoma mnaosoma kompyuta. Kabla ya kuandika programu ya drafti, kaeni kijiweni mwezi mzima. Andikeni kanuni za wazee, pamoja na mabishano yao, kwa kuwa kanuni isiyoandikwa huzikwa na anayeijua. Shaw alitosheka na baiti 128. Simu ya bei ya chini kabisa mfukoni mwenu inazizidi mno. Kingi wetu anaruka. Mwandikeni akiruka.