Barua ya Wazi ya Shukrani kwa Idara za Zima Moto za Kitui na Makueni

KWA: Idara zinazosimamia huduma za zima moto na maafa, Serikali za Kaunti za Kitui na Makueni

KUH: Kuiachia familia kazi

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti huduma za kuzima moto na udhibiti wa maafa, na Kifungu cha 45 cha Katiba hiyo hiyo kikaitangaza familia kuwa msingi wa jamii unaostahili kutambuliwa na kulindwa na Dola. Wasomaji wenye haraka hudhani kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Vijiji vya Ukambani, ziliko kaunti hizi mbili, vimefundishwa vinginevyo: nyumba inaposhika moto, familia ndiyo zima moto, na inayolindwa ni Dola, maana majivu yakiwahi kupoa hakuna atakayeuliza kama tangi la gari lilikuwa na maji.

Kaunti ya Kitui ina eneo la takriban kilomita za mraba 30,000, hivyo inaizidi nchi nzima ya Rwanda, na sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu humo watu 1,136,187. Gari likitoka mjini Kitui kwenda Mutomo, safari ya zaidi ya kilomita 50, likashika mwendo wa kilomita 60 kwa saa bila kukutana na mbuzi wala tuta, litatumia karibu saa nzima, ilhali chumba chenye godoro la sponji huweza kuwaka chote dakika chache tu baada ya koroboi, yaani taa ya kopo yenye utambi na mafuta ya taa, kuanguka. Hesabu hiyo haimlaumu dereva. Inaonyesha tu kwamba kokote mpango wa kulisubiri gari kutoka mjini unakotumika, aliyeupanga ana imani kubwa na mashangazi.

Imani hiyo haikuwekwa pabaya. Wakamba wana mwethya, kikundi cha majirani na jamaa wanaofanya kazi kwa pamoja bila ujira, ambacho kimelima matuta ya kuzuia mmomonyoko na kujenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazokinga mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na maji yahifadhiwe kati ya chembe zake wakati wa kiangazi. Moto ukizuka, maji ya jerikeni yaliyoletwa na punda hutoka mtoni humo, na mchanga unaorushwa kwa sepetu hutoka humo humo. Kaunti imebakiziwa king'ora.

Makueni, ambayo sifa zake za kuwashirikisha wananchi katika kupanga maendeleo zimevuka mipaka ya Kenya, inastahili pongezi za pekee, kwa kuwa hakuna kikao cha ushirikishwaji wa umma kinachohudhuriwa kikamilifu kama nyumba inayoungua: hufika kila mtu, kila mtu na ndoo yake, na hakuna anayedai nauli, soda wala posho ya kikao.

Kejeli ikiwekwa kando kidogo, shukrani zenyewe zina mwenyewe. Susu, yaani nyanya, huwachukua watoto usiku ule ule bila kuuliza watakaa hadi lini. Mbai, yaani ukoo, hukutana chini ya mti na kugawana gharama ya mabati. Binamu aliye Nairobi hutuma alichonacho kwa M-Pesa. Na sare ya shule hupatikana kwa mtoto wa jirani aliyekwisha kuvuka darasa. Yote hayo huweza kumalizika kabla aliyeunguliwa hajapata barua ya chifu ya kuthibitisha kwamba ameunguliwa.

Kwa kuwa sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafikishwe kwenye bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, idara zinaombwa kuirasimisha hali iliyopo. Susu apewe cheo cha Mkurugenzi wa Makao ya Dharura, kwa mshahara unaolingana na cheo. Punda asajiliwe kuwa chombo cha serikali, apakwe rangi nyekundu na atengewe fungu la mafuta, ambalo yeye, tofauti na vyombo vingine vya serikali, atalitumia katika kula majani tu. Na iwapo bunge litaona kwamba watumishi hao ni ghali mno, basi lilinganishe gharama yao na ya kituo kimoja kidogo cha zima moto Mutomo na kingine Mtito Andei, kila kimoja chenye gari, maji na mtu wa kupokea simu usiku, kisha lichague lililo nafuu.