Karume ya Leeds

Wifi yangu,

  

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti, ule mrefu, hadi pale jogoo wa jirani alipoingilia kati. Kumbe Mama Mkubwa amezungusha picha yangu ya koti la bluu kwenye kikao cha harusi, na sasa kila mwanakamati anataka nimletee "nguo mpya za dukani za Ulaya". Wifi, nakueleza taratibu, nawe umweleze taratibu akiwa amekaa: lile koti ni mtumba. Tena si mtumba wa kununua jioni na kuficha kwenye mfuko mweusi. Nimelinunua pauni 12, mchana kweupe, kwenye duka lililo katikati ya benki na duka la maua, na nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo bwana mmoja mwenye funguo za gari la maana, kakumbatia birika la chai lililokwishatumika.

Huku wanayaita maduka ya hisani. Watu huleta nguo bure, wauzaji wengi ni wastaafu wanaojitolea, na faida inakwenda kwenye shughuli ya duka husika. Kila duka na ugonjwa wake. Oxfam, iliyoanzishwa Oxford mwaka 1942, inahangaika na njaa na umaskini. British Heart Foundation ni moyo. Cancer Research UK ni saratani. PDSA inatibu wanyama ambao wenye nao hawana uwezo wa kulipa. Kwa hiyo mimi nikitoka asubuhi kwenda kazini, koti limeshughulikia moyo, sketi imepambana na saratani, na buti zimemuuguza paka nisiyemjua. Mama Mkubwa ananisema kwamba siku hizi sitoi sadaka. Mwambie naivaa.

Tatizo la maduka haya ni moja: hakuna kupatana. Bei imeandikwa kwenye kikaratasi, na kikaratasi hakina masikio. Nilijaribu siku moja. Nilishika blauzi, nikaikunjia uso, nikaitazama kama imenitukana, nikairudisha kwenye henga, nikajifanya naondoka. Unajua soko la mitumba la Karume ungeshavutwa mkono. Huku bibi wa kaunta aliniangalia kwa huruma, akanisogelea, akaninong'oneza kwamba kanisa la mtaa wa pili linagawa chakula siku za Alhamisi. Nililipa bei yote, nikaongeza na sarafu kwenye kopo la mchango.

Na vyumba vya kujaribia, maduka mengine hayana. Nikafanya kama tulivyofundishwa: nikaifunga suruali kifungo, nikauzungusha mkanda wake shingoni. Ncha zikikutana kisogoni, kiuno kimeenea. Bibi alidhani nimeichukua kwa skafu, akanielekeza kwa upole skafu zilipo. Nilipomweleza akaita wenzake kutoka stoo, na kabla sijaondoka wastaafu watatu wa Yorkshire walikuwa wamesimama na suruali shingoni wakibishana. Hiyo ndiyo Tanzania ninayoiwakilisha, balozi ajue.

Sasa kuchagua kwenyewe. Hapo, wifi, siogopi mtu. Waingereza wengi wanaanza na lebo. Wakiona jina kubwa, macho yanapofuka. Mimi naanza na vidole. Napita kwenye henga bila kuangalia rangi, nagusa tu. Mkono ukikutana na sufu au pamba nzito unasimama wenyewe, na ukikutana na poliesta unapita kama daladala iliyojaa. Kisha nguo inatoka, inageuzwa ndani nje. Kwapa kwanza, kwa macho na kwa pua, wala usione haya, maana marashi yanaweza kufunika jasho dukani lakini hayafiki nalo kituo cha basi. Halafu kola kwa ndani, ncha za mikono, na suruali pale mapaja yanaposuguana, ambapo kitambaa hufa kabla mwenye nacho hajajua. Zipu naipandisha na kuishusha zaidi ya mara moja. Zipu ina tabia ya kukubali mara ya kwanza kwa adabu ya wageni tu. Sufu naipeleka dirishani niitazame kwa mwanga, kwa sababu ya nondo. Nondo wa huku ni wadogo, hawana kelele, na viwavi wao wanakula sufu safi kuliko watu wanavyoivaa. Tundu moja ukiliona, mengine yapo. Rudisha, tena unawe mikono usiwabebe wenyeji nyumbani.

Lile koti la bluu lilipita mitihani yote isipokuwa bitana, iliyokuwa imeachia kwapani. Bitana haijawahi kunitisha. Bitana ni sindano na jioni moja. Kinachonitisha ni kitambaa kilichochoka, maana hicho hata fundi wa pale kona ya Magomeni, ambaye aliwahi kutoa suti ya kipaimara kwenye pazia, hawezi kukifufua. Kifungo cha tatu kilikuwa kimerudishiwa kwa uzi wa kijani, na mfukoni nilikuta risiti ya chai na keki iliyofifia. Mwenye koti alikuwa mtu wangu kabisa.

Kilichonimaliza ni lebo: St Michael. Usimwambie Mama Mkubwa kwamba ni nguo ya kanisani. Ni chapa ya zamani ya Marks & Spencer, waliyoianza mwaka 1928 na kuiacha mwaka 2000. Kwa hiyo ukiiona, jua nguo imevaliwa, imefuliwa, imehama nyumba miaka zaidi ya ishirini, na bado inauzika. Hebu nionyeshe blauzi ya mwaka jana yenye moyo huo. Ila saizi zake usiziamini: 16 ya enzi zile inaweza kuwa 12 ya leo. Siku hizi viwanda vinatupaka mafuta.

Na huyo Mikaeli mwenyewe si malaika, ni machinga. Michael Marks, mwanzilishi wa duka hilo, alikuwa Myahudi mhamiaji kutoka himaya ya Urusi, Kiingereza chake cha kuungaunga, akaanza na meza Soko la Kirkgate hapahapa Leeds mwaka 1884. Bango lake lilisema usiulize bei, ni peni moja. Yaani kila kitu buku, wifi! Sasa nimeelewa kwa nini wajukuu wa wateja wake hawajui kupatana.

Wakati nao una maana. Januari inaleta zawadi za Krismasi zisizopendwa, nyingine na bei yake bado inaning'inia. Mwisho wa Juni wanafunzi wa Headingley wanahama nyumba, wanaacha makabati mazima. Na ukitaka nguo za wenye nazo, nenda kwa wenye nazo: panda treni hadi Ilkley, ambako hata mbwa wana makoti. Ni kama kungoja nguo zitoke Masaki. Tatizo bei nazo ni za Masaki.

Mama Mkubwa ameuliza kama wenye nguo hizi wamekufa. Anazo kumbukumbu zake za enzi mitumba ikiitwa kafa Ulaya, na sitamdanganya, maana kazi yangu ni kutunza wazee na nimeyaona. Mzee akifariki, watoto wanakuja Jumamosi, wanapanga kabati kwenye mifuko, wanapeleka dukani kabla ya chakula cha mchana. Basi mimi namwombea marehemu, kisha nafua. Kwa maji baridi lakini. Sufu ikiona maji ya moto, koti la mtu mzima linakuwa la mwanasesere.

Na nguo nyingine zisizouzika? Hapo ndipo ninapowacheka mnaoagiza. Kila duka lina siku zake za kukaa nazo, kisha zinaondolewa, zinachambuliwa, nyingi zinauzwa kwa uzito na kufungwa marobota. Eneo hili limeishi na matambara tangu zamani: Batley, si mbali na hapa, ndipo Benjamin Law alipogundua mwaka 1813 namna ya kusaga nguo kuukuu za sufu na kuzifuma upya. Oxfam nao wana kituo cha kuchambulia kiitwacho Wastesaver. Kilianzia Huddersfield mwaka 1974, siku hizi kiko Batley hukohuko. Nyingine zinapanda meli kuja kwenu. Kwa hiyo mnaponiambia nichague huku nilete huko, mnanituma nibebe kwenye begi la kilo ishirini na tatu kitu ambacho kingekuja chenyewe, tena huko mngekipata kwa kupatana.

Lakini sikatai. Wenye kutaka watume vipimo kwa sentimita, bega, kifua na kiuno. "Mimi ni wa kawaida tu" si kipimo, na mwenyekiti wa kamati ya harusi si wa kawaida hata kidogo.

Nawe nina ombi. Nililiacha dukani sweta moja la sufu, rangi ya maziwa, pauni 8, nikijifanya natafakari. Niliporudi bibi akaniambia siku zake zimekwisha, limeondoka na mzigo. Kifuani lina kulungu, na pembe yake ya kushoto imefumwa ikaelekea chini. Ukipita Karume asubuhi wakati wanafungua belo, angalia. Ukiliona, usikubali bei ya kwanza, na usimwambie muuzaji kwamba kuna mtu analisubiri Leeds.