Raha Iko Ziwani, Fedheha Iko Gatini

Picha inayouza boti ya jeti ni ileile kila mahali: ziwa limetulia, jua linawaka, watoto wamekaa nyuma kwenye kibaraza cha kuogelea wakichezea maji kwa miguu, mama watoto kavaa miwani myeusi, na baba ameshika usukani kwa mkono mmoja, kwa makusudi. Sina ugomvi na picha hiyo. Kila inachoahidi ni kweli, mradi ubaki pale ilipopigwa, yaani katikati ya ziwa. Taabu ni kwamba familia haikai katikati ya ziwa. Familia hutoka gatini, hurudi gatini kwa sababu mdogo amebanwa na mkojo, hutoka tena, hurudi kumchukua shangazi aliyesema hapandi na sasa anataka kupanda, kisha hurudi kumshusha shangazi. Ukiipima siku hiyo kwa saa, raha itachukua sehemu kubwa. Ukiipima kwa nyakati ambazo mwenye boti anatokwa na jasho la baridi, karibu zote zitaangukia ndani ya mita 30 kutoka ukingoni. Ninachodai ni hiki: boti ya jeti ni chombo bora kwa mita zote zinazobaki, na mwenye familia anayetaka kuinunua aipime kwa zile 30.

Kwanza tuone inavyokwenda. Boti ya kawaida ina rafadha inayozunguka nje, chini ya tezi, na pamoja nayo kuna usukani au mguu wa injini unaoendelea kukata maji hata mwendo ukipunguzwa. Boti ya jeti haina kinachoning'inia chini. Ina tundu lenye wavu wa chuma kwenye kitako chake. Maji hunyonywa humo, pangaboi lililofichwa ndani ya bomba huyasukuma, nayo hutoka kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba ulio nyuma. Boti huenda mbele kwa kuwa maji yametupwa nyuma; ni Newton mtupu. Kukata kona ni kuugeuza mdomo huo kushoto au kulia. Kurudi nyuma ni kuteremsha kifuniko kinachoukinga mkondo na kuuelekeza mbele. Injini zenyewe ni za ukoo wa jetski: Yamaha, kwa mfano, hutumia injini ya lita 1.8 yenye silinda nne, na boti zake kubwa hupewa mbili. Zikipewa mafuta yote huzunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika, ndiyo maana mazungumzo humo ndani huendeshwa kwa ishara. Sasa tazama kilichojificha katika maelezo hayo. Ikiwa kona hukatwa na maji yanayotoka, basi maji yasipotoka hakuna kona. Punguza mafuta, na usukani unabaki pambo. Fikiria gari ambalo usukani wake hutii tu mguu ukiwa kwenye mafuta, halafu halina breki: hilo ndilo linaloingizwa gatini huku mashemeji wamesimama wanatazama.

Mtu aliyekifanya chombo hiki kifae, William Hamilton, alijua alichokuwa akikitafuta. Alikuwa mfugaji na fundi wa Irishman Creek, katika kisiwa cha kusini cha New Zealand, na shida yake ilikuwa mito ya kwao: mipana, yenye kasi, na mahali pengine maji yake hayapiti kifundo cha mguu juu ya kokoto. Rafadha ingevunjika kabla ya chai ya saa nne. Katika miaka ya 1950 akauboresha mfumo wa jeti, akautoa mkondo juu ya usawa wa maji badala ya chini yake, na boti ikapata kasi. Mwaka 1960 boti za aina yake zikaupanda Mto Colorado kinyume na mkondo, ndani kabisa ya Grand Canyon, na mwaka 1974 mwenyewe akapewa cheo cha Sir. Nasema kwa heshima zote kwamba katika historia hiyo tukufu hakuna gati. Ukitaka kusimama mtoni kwake, ulikwea kokoto. Na ile mbwembwe yenye jina lake, ya kuizungusha boti duara zima papo hapo, watalii wa Queenstown huilipia hadi leo na kushangilia. Abiria wakiwa ni bibi yako na sufuria la pilau, makofi hupungua.

Sasa ilete boti hiyo Minnesota. Nalitaja jimbo hili la Marekani kwa sababu lina maziwa zaidi ya 10,000, na kwa sababu lina Wakenya wengi, hivyo Kiswahili cha kugombana gatini hakitakuwa kigeni huko. Gati la nyumba ya ziwani ni mbao chache zilizoingia majini, na jirani amefunga boti yake upande wa pili. Kuna upepo mdogo wa ubavuni. Boti isiyo na kitu chini haina kinachoshika maji, kwa hiyo upepo huisogeza kirahisi. Na kwa mwendo wa pole tezi hupepesuka huku na huku hata pasipo upepo. Mama watoto yuko omo na kamba mkononi, ameambiwa aruke atakapoambiwa. Shemeji yuko gatini akitoa maagizo yanayopingana na fizikia. Nahodha anaona gati linamjia, na silika ya kila aliyewahi kuendesha chochote inamwambia apunguze. Anapunguza, usukani unakufa. Anauzungusha wote kulia; boti inaendelea kuelekea ilikokuwa ikielekea, yaani kwa jirani. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba kona inataka mafuta, anayaongeza kwa wingi wa mtu aliyeshtuka, na kwa kuwa usukani ulikwisha kuzungushwa wote, boti inaruka kulia kwa nguvu zake zote, mama watoto anaruka kushoto bila kuambiwa, na kamba inabaki haina mwenyewe. Hakuna ulevi hapo wala uzembe. Hilo ni kosa la mtu mwangalifu, na ndilo linalonifanya niamini kwamba chombo hiki na mzazi hawakuumbiana. Kijana wa miaka 20 asiye na hofu hukanyaga mafuta tu, na boti humtii. Mzazi hupunguza mwendo kwa sababu amebeba watoto, na boti humwadhibu kwa hilo.

Atakayenipinga ataanza na watoto haohao, na ana haki. Rafadha ya nje hukata. Mtoto anayepanda kutoka majini kupitia nyuma ya boti ya kawaida hupita karibu na visu. Kwenye jeti visu vimefichwa ndani ya bomba, na kibaraza cha nyuma kiko karibu na maji, mahali pazuri kuliko pote botini. Hilo nalikubali bila kusitasita. Lakini tundu linalonyonya maji huweza kunyonya pia nywele ndefu na kamba za jaketi la kujiokolea, na pangaboi la jeti kwa kawaida limeungwa moja kwa moja na injini: boti ikionekana imesimama, bado linazunguka mradi injini inawaka. Na kuna upande wa pili, ule wa maji yanayotoka. Kwenye jetski, ambazo zina mfumo huohuo, hubandikwa onyo linalomtaka abiria avae suruali ya mpira ya kuogelea, kwa kuwa anayeangukia nyuma, kwenye mkondo, anaweza kuumia vibaya ndani ya mwili, maji yakiwa yameingilia njia ambazo Mungu alizikusudia kwa kutokea. Sijui maandishi mengine ya kiufundi yanayoweza kumnyamazisha shangazi kwa haraka hivyo. Usalama wa jeti basi ni wa kweli, ila una sharti: mtu akiwa nyuma, injini izimwe kabisa. Na injini ikizimwa, upepo ule wa ubavuni unaanza tena kazi yake ya kutupeleka kwa jirani.

Wa pili hunijia na hoja ya kina. Jeti, anasema, hupita palipo na maji kidogo. Kupita, ndiyo: ikiwa kwenye kasi, imepanda juu ya maji, itavuka fungu la mchanga bila kuligusa. Lakini familia inayokaribia ufukwe hupunguza mwendo, boti inakaa chini, na pampu inaanza kufyonza mchanga na kokoto. Pengo kati ya pangaboi na pete inayolizunguka ni jembamba mno. Kokoto zikilichubua, injini hulia na boti haiendi. Halafu kuna magugu. Minnetonka, ziwa kubwa lililo magharibi ya jiji la Minneapolis, ndilo lililokuwa la kwanza jimboni kugunduliwa kuwa na gugu la majini lenye asili ya Ulaya na Asia, mwaka 1987. Mtu wa Kisumu anaijua adha ya magugu maji, lakini yale ya kwao yana adabu ya kuelea yakaonekana. Haya yameota mizizi chini na kupandisha nyuzi zake hadi karibu na juu, hasa kandokando, yaani kwenye zile mita 30 zetu. Rafadha ikivikwa magugu, mara nyingi ukiirudisha nyuma kidogo yanafunguka. Jeti ikiyameza, injini inanguruma bila mwendo, na mwenye boti hana budi azime, alale kifudifudi nyuma, afungue kidirisha cha kusafishia na kuingiza mkono hadi begani, sehemu yake ya juu ikiwa ndani ya boti na heshima yake ikiwa nje. Kamba ndiyo balaa zaidi. Katika jimbo hilihili, kwenye Ziwa Pepin, Ralph Samuelson aliteleza juu ya maji kwa mbao mbili mwaka 1922 akiwa na miaka 18, na tangu hapo ni nadra boti ya familia isiyovuta mtoto kwa kamba. Kamba hiyo ikilegea karibu na tundu lile, kidirisha hakisaidii. Ni kisu na lugha isiyofaa kusikika na watoto.

Kuna mkasa mmoja ambao sitaubebesha jeti peke yake. Ili magugu na kome wenye milia wasihamishwe kutoka ziwa hadi ziwa, sheria ya Minnesota inataka boti ikiwa barabarani iwe imetolewa kizibo cha kumwagia maji. Ni sheria nzuri. Matokeo yake ni kwamba boti hufika ziwani na tundu wazi, na usalama wa familia unategemea kumbukumbu ya mtu ambaye wakati huo anarudisha trela kinyumenyume mbele ya foleni ya watu wenye haraka. Tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema mabaharia wetu, ngama ikiwa ndipo maji hujikusanya chini ya chombo, na maji ya Minnesota yanautii usemi huo neno kwa neno. Tofauti ni kwamba kwenye boti yenye injini ya kupachika, mashine iko nje, juu. Mwenyewe hufua maji na kucheka. Injini ya jeti iko ndani, chini, upande wa tezi. Mwenye nayo hufua maji huku akipiga hesabu.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba nasema mambo ya zamani. Kampuni ya BRP ya Kanada ilianza kuziwekea jetski zake za Sea-Doo breki mwaka 2009. Yamaha nayo imeweka nyuma ya mdomo wa jeti kipande kinachokata maji, ili usukani ufanye kazi hata mafuta yakipunguzwa, na baadhi ya boti zake zina vipini kwenye usukani vya kusogea mbele na nyuma polepole. Vitu hivi vinasaidia, na atakayenunua boti isiyo navyo kwa ajili ya familia amejitafutia. Ila tazama vinakiri nini. Mnunuzi hulipia kwanza boti isiyo na kitu chini, kisha hulipia kitu cha kuweka chini. BRP wenyewe waliacha kutengeneza boti za jeti mwaka 2012. Waliporudi mwaka 2021 walikuja na Switch, jukwaa tambarare la watu kukaa na kula, lenye mshikio wa jetski badala ya usukani. Naona kama mtu fulani huko kiwandani hatimaye aliitazama familia ikiwa gatini.

Kwa haki niseme pia kwamba majira ya baridi yako upande wa jeti. Maziwa ya Minnesota huganda hadi Aprili hivi, maji yaliyosahauliwa ndani ya injini huweza kuipasua, na mfumo wa jeti kwa kawaida ni rahisi kuukausha kuliko ule wenye injini ndani na mguu nje.

Kwa hiyo simwambii mtu asinunue. Namwambia majaribio yafanyike mahali panapohusika. Muuzaji atapendekeza asubuhi ya siku ya kazi, ziwa shwari, nyinyi wawili tu, na kasi ya kutosha kukusahaulisha bei. Mshukuru, kisha uombe Jumamosi alasiri yenye upepo, gati lenye majirani pande zote mbili, watoto wote ndani, shangazi akiwemo, na wewe ndiye uegeshe, tena na tena, hadi uweze kufanya hivyo bila mtu yeyote kunyoosha mguu kuzuia boti. Akisema upepo umezidi, mwulize boti hiyo ameitengea siku zipi. Na shemeji aje, lakini asibaki gatini. Mpe boya la ubavuni alishike kwa mikono miwili, akae upande wa jirani.