Mama Bajeti, Mjomba Spana na Deni la Fizikia

Mwenzangu mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita, najua hulali. Kwangu nako taa ya sebuleni haizimwi mapema siku hizi. Binti yetu mkubwa, tunayemwita Profesa tangu alipoifungua pasi ya mama yake aone kilichomo ndani, amefaulu vizuri PCM yake (Fizikia, Kemia na Hisabati), na katika kozi zote ameitaka Fizikia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Si uhandisi, si udaktari. Fizikia.

Mimi niliridhia palepale. Lakini mwenye nyumba hii kwa mambo ya fedha ni mke wangu, Mama Bajeti, na Mama Bajeti ana kaka yake, Mjomba Spana, fundi umeme wa magari huko Tabata. Huyo alifika Jumapili, na kabla chai haijamiminwa akasema, "Shemeji, nipeni huyo mtoto. Ana mkono. Laki tatu kila mwezi, aanze kesho. Nyie mnampeleka akakope?"

Mama Bajeti akavuta daftari la vikoba, akafungua ukurasa wa mwisho. Laki tatu mara miezi 36 ya chuo, 10,800,000. Hizo za kukosa. Chini yake akaandika mkopo: ada, vitabu, na lile bumu la chakula na malazi, akakisia milioni 10 mpaka kumaliza. Akajumlisha, akapiga mistari miwili chini: 20,800,000. Kimya. Mama yangu mzazi, Bibi Stoo, akauliza kama pesa hizo hazinunui kiwanja Chanika. Basi tukahamia kwenye viwanja, na kutoka kwenye viwanja tukaingia kesi ya mpaka ya marehemu baba mdogo kule Korogwe, mpaka maharage yakaungua. Kwetu maharage huungua kila panapokuwa na kikao kizito. Yaliungua hata siku ya kupokea mahari ya mdogo wangu, na wakwe wakala hivyohivyo.

Harufu ilipopungua, Profesa akalichukua daftari. "Mama, mkopo silipi leo. Nikiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nikilipwa laki nane, inakatwa 120,000. Milioni 10 zinaisha kwa miaka saba hivi. Na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni halinenepi."

Mama Bajeti akamtazama kwa muda. "Na hiyo laki nane atakulipa nani?"

Swali ndilo hilo, na wazazi wengi tunalikwepa kwa sababu neno mkopo linatutisha zaidi. Deni lisilo na riba, linalokatwa kwa kadiri ya mshahara, mtu analibeba. Kinachoumiza ni ile miaka ya kukaa nyumbani na bahasha ya vyeti. Mhitimu akingoja kazi miaka mitatu, kwa bei ya Mjomba Spana amekosa 10,800,000 nyingine, yaani zaidi ya mkopo wote. Na Fizikia tupu, kwa nchi yetu, haina waajiri wengi wanaoitafuta kwa jina.

Nilitamani achukue Fizikia yenyewe. Mama Bajeti akaamua achukue ya ualimu, Fizikia na Hisabati, kwa kuwa mwalimu wa Fizikia ni adimu shuleni, za Serikali na za binafsi. Na kila likizo aende gereji kwa mjomba, kwa malipo. Profesa akakubali, kikao kikafungwa.

Ukaja mtihani wa maombi ya mkopo. Bodi inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili, na cheti hakionekani. Tulipekua kabati, tukainua magodoro, mdogo wake Profesa, Kamera, akatoa taarifa kwa majirani wote kwamba dada yake hajazaliwa. Kilikuwa kwa Bibi Stoo, ndani ya kopo la biskuti, kimefungwa kwenye kipande cha kanga pamoja na risiti za redio iliyokwisha kufa. "Mngekitunza nyie kingepotea," akasema, na hakuna aliyembishia.

Ikabaki saini ya mdhamini. Aliyejitokeza ni Mjomba Spana, huyohuyo mpinga mkopo. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akasaini kwa fahari, na dole gumba lake likaacha alama nyeusi ya oili juu ya jina la Profesa. Tukachapisha fomu upya, akanawa kwa sabuni ya unga, akasaini tena. Sasa tunangoja majibu.

Nawe ukikaa na wako, usiishie kwenye ada na mkopo. Andika na miezi ya kungoja kazi, uone ni kozi ipi inayoipunguza. Na cheti cha kuzaliwa kitafute leo, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.