Kila Kitu Humo Humo

Mfanyabiashara wa Kariakoo akifika Xiaobei, Guangzhou, hubishania bei, hutafsiriwa Kichina, hulipa na kuita teksi, yote ndani ya WeChat. Programu ya kupiga soga! Kikosi cha mhandisi Zhang Xiaolong kiliiunda katika mji huo huo na kuizindua mwaka 2011, na Januari 2017 kikaongeza vijiprogramu vinavyofunguka humo humo. Dunia ikashangaa.

Wazee wa kompyuta hawakushangaa. Katika vi, kihariri kilichotokana na kazi aliyoianza Bill Joy kule Berkeley mwaka 1976, ukiandika :!date tarehe inajitokeza, ukiandika :r!date inajibandika kwenye barua yako. Kwa :%!sort orodha nzima ya wadeni inajipanga kwa alfabeti, nawe hujanyanyuka kitini. Emacs, kihariri kingine, ndiyo imepitiliza: ina Tetris, ina hata daktari wa nafsi wa kuchati naye, pengine kwa ajili ya wanaojifunza vitufe vyake.

Tofauti ipo, lakini. WeChat haitaki utoke kwa sababu ya biashara. Kwenye vi, mgeni hubaki ndani kwa kuwa hakuna aliyemwambia habari za amri ya kutokea, :q!