Sifa za Mgongano wa Poti

Washairi wa pwani wamekwisha kuusifu mnazi, na jahazi, na uzuri wa wanawali, hata mtu anayetaka kusifu leo hana budi kutafuta kitu kisichotakiwa na yeyote. Nami nimekiona, nacho ni ule mgongano wa poti unaomzuia mwandishi wa programu kuiendesha kazi yake saa ile ile anapotaka kuionyesha.

Chukulia kijana wa Mbololo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, aliyebuni programu ya kuwaonya wakulima kwamba ndovu wametoka Tsavo na wanaelekea mashambani. Anaiamuru isikilize habari kwenye poti 8080, yaani mlango wa kompyuta wenye nambari hiyo, na kompyuta inamjibu kwa maneno machache kwamba anwani hiyo inatumika tayari. Ghadhabu humpanda. Lakini na aitazame insafu iliyomo katika jibu hilo! Ndovu huingia shamba la mahindi lenye mwenyewe, akala, akakanyaga, akaenda zake. Poti, kwa anwani moja na itifaki moja, haimkubali wa pili maadamu wa kwanza yumo, awe huyo wa kwanza ni programu adhimu ya benki au kijiprogramu cha majaribio kilichosahauliwa tangu juzi. Sijapata kuona baraza la ardhi, Taita wala kwingineko, likatoa hukumu kwa haraka namna hiyo.

Tena mgongano huu hauna unafiki. Ziko hitilafu zinazokuacha ukafanya kazi juma zima kwa raha, zikingoja siku ya kusimama mbele ya wakubwa ndipo zijidhihirishe. Huu hukukatalia mwanzoni, na sababu hukutajia.

Wala asiseme mtu kwamba nafasi ni haba. Nambari za poti huanzia 0 hukomea 65535, kwa kuwa zimetengewa biti 16, na marehemu Jon Postel wa California, aliyelitunza daftari la nambari hizo tangu miaka ya 1970 hata alipofariki mwaka 1998, hakuwa bahili wa kuzigawa. Hata hivyo walimwengu wameng'ang'ania 3000, 5000 na 8080, kana kwamba zilizobaki zina mashetani. Mwaka 2021 kompyuta za Apple zilianza kuitumia 5000 kwa huduma yao ya AirPlay, na wanaojifunza Flask, zana ya kutengenezea tovuti, ambayo desturi yake ni hiyo hiyo 5000, wakakuta mahali pao pana mtu.

Ama fadhila iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba mgongano humlazimisha mtu kuwajua wakaao nyumbani mwake. Kijana wetu huandika lsof -i :8080 ikiwa ana Linux au Mac, ama netstat -ano ikiwa ana Windows, na nambari ya mkaaji hutokea. Kumtoa, kwenye Linux au Mac, ni kazi ya nukta moja kwa amri ya kill, ila adabu yataka aombwe kwanza aondoke kwa hiari yake, na kill -9 iwekwe akiba kwa wakaidi. Na mkaaji mwenyewe aghalabu ni nani? Ni programu ile ile ya ndovu, ambayo kijana aliifungia dirisha jana akadhani ameizima, nayo ikakesha ikisikiliza, mtiifu kuliko askari wa zamu. Hata baada ya kufa, pengine miunganisho yake ya zamani hukaa eda, ambayo kwenye Linux ni sekunde 60, na asiyeiomba kompyuta ruhusa ya kuitumia anwani upya hana budi kungoja, jambo jema kwa vijana wa siku hizi.

Wako wazimao kompyuta nzima wakaiwasha tena, hao siwasemi. Wako pia wanaobadilisha nambari katika faili ya mipangilio wakahamia 8081, nao nawaheshimu kama wapenda amani, ila wakifika huko hukuta imekwisha kushikwa na programu nyingine waliyoihamisha wao wenyewe juma lililopita, ilipokuwa ikiikimbia 8080.