Gari Moja, Madhehebu Mawili

Tulinunua magari yetu siku moja, mimi na ami yangu, yote mawili ya chapa moja na mwaka mmoja, yameteremshwa Kilindini katika meli moja. Na haikutimia miaka mitatu ila barazani petu pamezuka madhehebu mawili, wafuasi wa ami wakiapa kwamba Mjapani hajapata kuunda chombo madhubuti kama kile, na wafuasi wangu wakishuhudia kwamba ni debe lililotiwa magurudumu.

Hoja za dhehebu langu zilikuwa nzito, kwa kuwa gari langu lilikwisha kuzimika mbele ya maarusi, nyuma ya jeneza, na mlangoni mwa feri ya Likoni, hali madereva walio nyuma wakinitajia marehemu mama yangu. Nami nilizitia nguvu kwa tarehe: katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu, na la mbele yao lilikuwa Peugeot 404, basi, nikasema, chapa ni chapa.

“Na mafundi waliokuwa wakiyangojea njiani, mwanangu,” akauliza ami, “hao hukuwahesabu?”

Sikumjibu, kwa sababu ami ni mtu wa daftari: kila kilomita 5,000 huandika tarehe ya oili, ya chujio na ya plagi, na kila Ijumaa baada ya Alfajiri hulisuza gari lake uvunguni kwa maji baridi, kuliondolea chumvi ya pwani. Niliyaona hayo kuwa wasiwasi wa uzee.

Karibu na Mtwapa injini yangu ikalia chuma kwa chuma. Fundi akafungua, akachovya kidole, kikatoka na kitu cheusi, kizito, chenye kuvutika. Nimezaliwa Mombasa, haluwa naijua, na ile ilikuwa imepita kuiva.

“Oili umebadilisha lini, shehe?”

“Kubadilisha sijabadilisha,” nikasema kwa fahari, “lakini huongeza.”

Akanyamaza. Kisha akaona kwenye dashibodi kipande cha plasta ya kidonda, nikalazimika kumweleza kwamba chini yake mna kitaa chekundu kilichokuwa kikiniudhi macho usiku.

Nikaliuza kwa bei ya vyuma kwa mwalimu mmoja wa chuo, naye akalitia injini nyingine, akanunua daftari, na sasa ndiye khatibu wa dhehebu la ami. Mimi nimenunua la chapa nyingine kabisa, na tangu juzi nina mashaka makubwa na waundaji wake.